Kwa Grant Wood, Iowa: anzia darini Cedar Rapids, Eldon baadaye

Mwenye siku moja tu katika jimbo la Iowa, Marekani, na anayetaka kumfahamu Grant Wood, mchoraji wa picha mashuhuri American Gothic, aende Cedar Rapids. Wageni wengi hufanya kinyume. Wanakwenda moja kwa moja Eldon kwenye ile nyumba nyeupe yenye dirisha la kanisa, wanashika uma wa shamba, wanapiga picha, wanageuza gari. Wamekiona kilicho nyuma ya watu wawili katika mchoro huo mmoja, lakini mchoraji mwenyewe hawajamkaribia. Tathmini hii inapitia sehemu zinazotunza maisha na kazi yake: studio aliyoishi, makumbusho ya sanaa ya jiji, jengo la askari wastaafu lenye dirisha lake la vioo vya rangi, nyumba ya Eldon, maktaba ya chuo kikuu Ames, na mwishoni chapa zake ambazo bado zinauzwa. Ndugu zetu wa Cedar Rapids na Iowa City, ambako Wakongomani wengi wenye kuzungumza Kiswahili wamehamia, wanazo tatu za kwanza mlangoni kwao, na ile iliyo bora kuliko zote haina kiingilio.

Kuna jambo la kujua kabla ya kuwasha gari. Wood alizaliwa tarehe 13 Februari 1891 kwenye shamba nje ya mji mdogo wa Anamosa. Baba yake alifariki mwaka 1901, mama yake Hattie akauza shamba, akahamia Cedar Rapids na watoto. Grant alikuwa na miaka kumi. Tangu hapo alikuwa mtu wa mjini, na riziki yake ilitoka kwenye ufundi: kufua vyombo vya madini ya fedha, kupamba nyumba za watu, kutengeneza samani, kufundisha kuchora katika shule za jiji kati ya 1919 na 1925. Vilima vile vya mviringo, miti iliyojaa kama mipira na mistari ya mahindi isiyo na gugu hata moja ni shamba la mtoto wa miaka kumi, likakumbukwa miaka thelathini baadaye na fundi mwenye mikono myepesi. Ukilishika hilo, kila kituo kinajieleza. Ukilikosa, utazunguka Iowa ukitafuta mandhari ambayo haikuwahi kuwapo hivyo hasa.

Studio ndiyo ya kwanza. Iko nyuma ya namba 810, barabara ya Second Avenue SE. Hapo mbele palikuwa na jumba la kifahari lililogeuzwa kuwa nyumba ya shughuli za mazishi na David Turner, na nyuma yake banda la magari ya farasi. Turner alimpa Wood sehemu ya juu ya banda, iliyokuwa ghala la nyasi kavu, akae bila kodi. Wood aliishi humo kuanzia 1924 hadi 1935, pamoja na mama yake na dada yake Nan, na anwani akaitunga mwenyewe: 5 Turner Alley. Humo ndimo alimochora American Gothic mwaka 1930. Leo studio ni mali ya Makumbusho ya Sanaa ya Cedar Rapids na inafunguliwa kwa umma.

Ukiingia, usikimbilie kuuliza easeli, kiunzi cha kuegeshea picha inayochorwa, ilisimama wapi. Tazama mbao kwanza. Paa limeshuka pande zote, kwa hiyo mtu anaweza kusimama wima katikati tu, na kila nafasi ya chini ya mteremko imegeuzwa kabati au droo. Kofia ya meko ilitokana na kikapu cha chuma cha kupimia nafaka, kimepinduliwa. Mlango wa kuingilia aliutengeneza kwa mfuniko wa jeneza, akautia kioo na sura ya saa yenye mshale uliowaambia wageni kama yuko ndani, amesafiri, anaoga au ana karamu. Mlango wenyewe wa asili ni mali ya makumbusho, ulizia huko. Chumba hiki kizima ni kazi yake ya mikono, na kinafundisha zaidi ya maandishi yoyote ya ukutani: huyu alikuwa mtu asiyeacha kona bila kuifikiria. Ndivyo pia alivyochora. Katika picha zake za miaka ya 1930 hakuna mahali ambapo brashi imepita tu.

Kasoro za studio ni mbili na zote za kweli. Kwanza, haifunguliwi kila siku: ni ya msimu, kwa kawaida kuanzia masika hadi mwisho wa mwaka, tena Jumamosi na Jumapili mchana tu. Anayefika Jumatano atakuta mlango umefungwa. Thibitisha ratiba na makumbusho kabla ya kusafiri, hasa ukitoka nje ya jimbo. Pili, iko ghorofani. Asiyeweza kupanda ngazi apige simu mapema aulize anaweza kusaidiwaje. Chumba ni kidogo, kwa hiyo kundi la watu ishirini ligawanywe, la sivyo walio nyuma wataona migongo. Nusu saa inatosha kwa mtu mmoja, saa nzima kwa anayependa useremala.

Kutoka studio hadi makumbusho ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, namba 410 Third Avenue SE. Hapa kuna kiingilio, na Jumatatu hufungwa. Ndipo penye mkusanyiko mkubwa kuliko wote duniani wa kazi za Wood, lakini ingia ukiwa na matarajio sahihi. American Gothic haipo. Iko Art Institute ya Chicago tangu mwaka ilipochorwa. Stone City iko Omaha, katika jumba la Joslyn. Fall Plowing ni ya kampuni ya John Deere. The Midnight Ride of Paul Revere iko Metropolitan, New York. Umaarufu wake ulitawanya picha kubwa. Cedar Rapids ilibaki na kile ambacho majumba makubwa hayakukitaka sana, yaani mkondo mzima wa jinsi alivyofika pale alipofika. Kwetu sisi, hicho ndicho kinachofanya kiingilio kilipe.

Anza na benchi. Linaitwa Mourner's Bench, la mti wa mwaloni, alilichonga na wanafunzi wake mwaka 1921 hadi 1922 kwa ajili ya shule ya McKinley. Watoto waliofanya makosa walikalishwa hapo wakisubiri kuitwa na mkuu wa shule. Juu ya mgongo wa benchi zimechongwa nyuso za watoto wanaolia, pamoja na maneno ya Mithali 13:15, yale ambayo katika Biblia yetu husomeka “njia ya haini huparuza”. Kisha tafuta taa ya magunzi ya mahindi aliyoitengeneza kwa ajili ya chumba cha kulia katika hoteli ya Montrose, na Lilies of the Alley, vyungu vya maua vilivyopambwa kwa takataka za kawaida za nyumbani zilizounganishwa zikawa maua. Baada ya vitu hivi vitatu utaelewa kwamba mahindi na mzaha wa kirafiki vilikuwamo mikononi mwake kabla hajawa mchoraji wa kuheshimiwa.

Michoro ya mwanzo ya rangi isikuchoshe, maana ina kazi yake. Wood alikwenda Ulaya mara nne kati ya 1920 na 1928, na picha alizorudi nazo kutoka Ufaransa ni za rangi nene, brashi fupi, milango na vichochoro, jinsi walivyochora Wafaransa miaka hamsini kabla yake. Simama pembeni ya picha mojawapo, uangalie uso wake kwa mshazari kuelekea mwanga: utaona matuta ya rangi. Sasa nenda kwenye Woman with Plants ya 1929, fanya vilevile. Uso ni laini, matuta yametoweka. Katikati ya picha hizo mbili kuna safari ya Munich ya 1928, ambako alikaa na michoro ya kale ya Wajerumani na Waflandria, Hans Memling akiwa mmoja wao, akaona jinsi walivyojenga sura ya mtu kwa tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, na jinsi walivyowavisha watu wa Biblia nguo za mji wao wenyewe.

Kazi yake baada ya hapo ilikwenda kwa hatua. Alianza na kijichoro kidogo cha papo hapo. Halafu mchoro kamili wa ukubwa wa picha yenyewe, mara nyingi kwenye karatasi ya kaki, ambamo kila duara na kila mstari ulipimwa. Mchoro huo ukahamishiwa kwenye ubao. Ndipo rangi ya mafuta ikaja kwa tabaka nyepesi zinazopitisha mwanga, moja ikikauka kabla ya nyingine. Kwa njia hiyo kosa la mpangilio haliwezi kufichwa kwa rangi. Lazima limalizwe kwenye karatasi. Ndiyo maana picha zake za mafuta zilizo kubwa na kamili si nyingi: njia yenyewe ni ya polepole, na alikuwa mtu wa kusahihisha. Ubao pia unastahili neno. American Gothic, yenye sentimita 78 kwa 65.3, imechorwa kwenye ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, aina iliyouzwa kwa ajili ya kuta za ndani ya nyumba. Ni bidhaa ya duka la vifaa vya ujenzi. Haina mparuzo wa nyuzi za turubai, inapokea mstari mwembamba bila kuyumba, na bei yake ilikuwa rahisi. Tatizo la mbao za namna hiyo ni kwamba hunyonya unyevu na kingo zake huvunjika, kwa hiyo usishangae makumbusho yakisita kuzisafirisha.

Kaa na Woman with Plants kuliko nyingine zote. Ni mama yake, Hattie. Ameshika chungu cha mmea wenye majani marefu yaliyosimama kama panga, nyuma yake mashamba ya vuli. Kifuani ana kijibrochi, pambo la kubana nguo, chenye sura ya mwanamke, na aproni yake imepigwa utepe wa mawimbi ukingoni. Mwaka uliofuata, Nan alisimama kwa ajili ya American Gothic, na vitu vile vikahama: kijibrochi, utepe wa mawimbi kwenye aproni, na mmea uleule, safari hii umewekwa barazani nyuma ya bega la mwanamke. Mmea huo asili yake ni Afrika, kuanzia Nigeria hadi Kongo, jamaa wa ile mikonge pori inayotunzwa kwenye makopo barazani Dar es Salaam na Bukavu. Wamarekani wa zama zile waliupenda kwa sababu haufi hata ukisahauliwa maji. Wood aliuweka mikononi mwa mama yake kama alama ya uvumilivu, na anayeujua mmea huo kwa kuukata na kuupanda upya atakubali kwamba hakukosea.

Karibu na hapo kuna John B. Turner, Pioneer, baba wa yule Turner wa nyumba ya mazishi, amekaa mbele ya ramani ya zamani ya wilaya ya Linn. Uso wa mzee na ramani vimechorwa kwa rangi za jamii moja, mikunjo ya ngozi ikifuatana na barabara na mito. Ni picha ya kwanza ambamo Wood anaonekana ameshajua anachotaka.

Na Young Corn ya 1931, ambayo ni mali ya shule za umma za Cedar Rapids na hutunzwa hapa. Uliza mapokezi kama imetundikwa siku hiyo, maana picha hutolewa kuazimwa. Kwa mkulima, hii ndiyo picha yenye mengi ya kusomwa. Vilima vimevimba, mistari ya mahindi machanga inafuata mkunjo wa ardhi kama mshono unavyofuata mwili wa nguo. Zama hizo Iowa walipanda kwa waya wenye mafundo uliovutwa kutoka ncha hadi ncha ya shamba: kila fundo lilipopita kwenye mashine, punje tatu au nne zilidondoka, na mashina yakasimama kwa nafasi ya takriban mita moja kila upande, mraba kamili. Sababu yake ni palizi. Farasi waliweza kupita na jembe la palizi kwa urefu kisha kwa upana, magugu yakaondolewa bila sumu. Leo mahindi ya Iowa yanapandwa mfululizo kwenye mistari iliyoachana kama sentimita 76, magugu yanauawa kwa dawa, na vile vitone vilivyopangika katika michoro ya Wood havionekani tena shambani. Anayekwenda na kamera akitumaini kuvipata atavikosa. Maumbo ya vilima bado yapo, hasa upande wa Anamosa na Stone City, na wiki nzuri ni za mwanzo wa Juni, mahindi yakiwa chini ya goti. Kufikia mwisho wa Julai mahindi yamempita mtu urefu na barabara imekuwa korido ya kijani. Hakuna kilima kinachoonekana.

Lawama ya muda mrefu juu ya Wood ni kwamba aliipamba Iowa. Ina ukweli. Mwaka 1931 bei za mazao zilikuwa zimeanguka, wakulima walikuwa wanapoteza mashamba kwa mabenki, na katika Young Corn hakuna deni, hakuna mnada, hakuna hata trekta. Wale wanaomtetea husema alikuwa anawaonyesha watu thamani ya kile walichokuwa wanakipoteza. Tukipima sisi, jibu liko kwenye ile miaka kumi: alichokichora ni Iowa ya mwaka 1900, na mwaka 1900 shamba la baba yake lilikuwa bado lipo. Aliyetaka kuona kwamba aliijua hofu vilevile atafute nakala ya Death on the Ridge Road ya 1935, lori jekundu na magari mawili yakikaribia kugongana juu ya kilima.

Kituo cha tatu ni jengo la kumbukumbu ya askari, kwenye kisiwa cha May's Island katikati ya mto Cedar, umbali wa kutembea kutoka makumbusho. Dirisha la vioo vya rangi lina kimo cha zaidi ya mita saba na upana wa mita sita. Askari sita wamesimama chini, kila mmoja na sare ya vita vyake, kuanzia vita vya uhuru hadi Vita Kuu ya Kwanza, na juu yao mwanamke wa karibu mita tano anayeomboleza. Wood alikwenda Munich mwaka 1928 kusimamia vioo vikikatwa na kuchorwa. Hapo ndipo palipozuka ugomvi. Chama cha wanawake waliojivunia kuwa wajukuu wa wapigania uhuru kililaumu kwamba kumbukumbu ya askari waliopigana na Ujerumani imetengenezwa Ujerumani, na dirisha likakaa bila kuzinduliwa rasmi hadi 1955, Wood akiwa amekufa miaka kumi na mitatu. Jibu lake alilitoa kwa brashi mwaka 1932: Daughters of Revolution, wanawake watatu wenye midomo iliyobanwa, kikombe cha chai mkononi, nyuma yao picha ya George Washington akivuka mto Delaware. Picha hiyo ya Washington ilichorwa Düsseldorf, na Wood alijua. Jibu hilo leo liko Cincinnati.

Dirisha lilishushwa kwa matengenezo baada ya mafuriko makubwa ya Juni 2008, likarudi mahali pake 2010. Linaonekana vizuri ndani ya jengo, mchana, kukiwa na jua nje. Siku ya mawingu mazito vivuli vya kijivu vya sare vinashikana, na tofauti ya askari mmoja na mwingine inapotea. Rudi nyuma hadi mwisho wa ukumbi wa kuingilia kabla ya kusogea. Kwa karibu utaona kazi ya brashi na ya madini ya risasi yanayounganisha vioo, kwa mbali ndipo yule mwanamke anapotulia.

Sasa Eldon. Ni kama kilomita 160 kusini mwa Cedar Rapids, chini kidogo ya saa mbili kwa gari, na bila gari haifikiki kwa urahisi. Mji una watu wasiofika elfu moja, kwa hiyo jaza mafuta na ule Ottumwa au Fairfield kabla ya kufika. Nyumba ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, Wood akaipitia Agosti 1930, akavutiwa na nyumba ndogo ya mbao iliyojipa dirisha la kanisa, akachora kijichoro. Jimbo linaimiliki tangu 1991, na kando yake kuna kituo cha wageni kilichofunguliwa 2007, chenye maonyesho mafupi na mavazi ya kuazima bila malipo: koti, aproni, miwani, uma. Wahudumu wa kituo cha namna hii ndio wanaokibeba, na hapa mavazi yako ya saizi nyingi, watoto wakiwemo. Ndani ya nyumba mara nyingi hakuingiliki. Panga safari ukihesabu nje tu.

Picha nyingi zinazopigwa pale zinakosewa kwa sababu zilezile. Watu husimama karibu sana na nyumba, na kamera ya simu inaipanua nyumba na kulifanya dirisha kuwa dogo. Wood alilirefusha dirisha na kulichongoa paa. Nyumba yenyewe ni pana na fupi kuliko mchoro. Kwa hiyo wanaopigwa picha wasogee mbele, mbali na nyumba, mpiga picha arudi nyuma zaidi, kisha avute kwa zumu hadi dirisha liingie katikati ya vichwa viwili. Mwanamume akae kulia kwa mtazamaji, uma wenye meno matatu aushike kwa mkono wa kulia, ngumi usawa wa kifua, meno juu. Anatazama kamera. Mwanamke yuko kushoto, nusu hatua nyuma yake, na macho yake yanapita pembeni, hamtazami mtu. Wengi humfanya mwanamke atazame mbele, na picha nzima inageuka kuwa ya pasipoti. Kumbuka pia kwamba Nan, aliyekuwa na miaka 30, na daktari wa meno Byron McKeeby, 62, hawakusimama pamoja kwa ajili ya mchoro, wala hawakusimama mbele ya nyumba hii. Kila mmoja alichorwa peke yake darini Cedar Rapids. Ndiyo sababu nyingine ya kuanzia kule.

Je, Eldon inafaa safari? Kwa aliyeshaona studio, ndiyo, kwa sababu utapima kwa macho ni nini alichokiacha na nini alichokibadilisha. Kwa asiyeiona, ni saa nne za barabara kwa picha moja.

Ames ni safari ya magharibi, kilomita 170, katika maktaba ya Parks ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa. Haina kiingilio na haina foleni. Michoro ya ukutani imepangwa kuzunguka ngazi kuu na ukumbi wa chini, ikianza na kulima: mkulima akipasua ardhi mbichi, kisha ufundi, uhandisi, mapishi. Wood aliisanifu, ikachorwa na timu ya wasanii waliolipwa na mipango ya serikali ya kuwapa kazi wakati wa mdororo wa uchumi, ndani ya bwawa la kuogelea lililokauka la chuo cha Iowa City, kisha ikabandikwa ukutani Ames. Maneno yaliyoiongoza ni ya mwanasiasa wa Marekani Daniel Webster, kwamba kilimo kikianza sanaa nyingine hufuata. Mikono ya watu wengi inaonekana. Sura ni ngumu kuliko katika picha zake mwenyewe. Twende huko kwa ajili ya mpangilio, ambao ni wake.

Iowa City ndiko alikofundisha tangu 1934 hadi mwisho. Nyumba yake ya matofali mtaa wa East Court si makumbusho. Itazame ukiwa barabarani, usigonge. Cha kukumbukwa zaidi mjini humo ni mwanafunzi wake Elizabeth Catlett, mwanamke Mweusi ambaye chuo kilimpokea darasani lakini hakikumruhusu kulala bweni. Wood alimwambia achore anachokijua kuliko chochote, naye akawachonga mama na mtoto Weusi, akapata shahada ya juu ya uchongaji mwaka 1940, miongoni mwa wa kwanza kabisa. Leo bweni moja la chuo lina jina lake. Kwa wazazi wa Iowa City wanaopeleka watoto huko, hadithi hii inastahili kusimuliwa kabla ya ile ya uma. Wood alifariki mjini humo tarehe 12 Februari 1942 kwa saratani ya kongosho, siku moja kabla ya kutimiza miaka 51, akazikwa Anamosa.

Mwisho, kununua. Mabango ya duka la makumbusho ni ya bei ya kawaida na yanafaa ukutani. Chagua Young Corn kabla ya American Gothic, kwa sababu kijani ndicho kinachoharibika upesi kwenye chapa mbovu na hapa unaweza kukilinganisha na picha yenyewe, ikiwa imetundikwa. Wanaotaka kitu cha mkono wake watafute litografia, yaani chapa za mchoro uliochorwa juu ya jiwe. Kuanzia 1937 alitengeneza 19 kwa kampuni ya Associated American Artists ya New York. Mawe yalisafirishwa kwake Iowa, akachora, yakarudi New York kwa mpiga chapa George C. Miller. Nyingi zilitolewa nakala 250, zikauzwa kwa posta kwa dola 5 ili mwalimu na mkulima waweze kununua. Sultry Night ya 1939, mkulima akioga uchi kando ya hori usiku wa joto, posta ilikataa kuibeba, ikaishia nakala 100. Leo chapa nzuri huuzwa kwa maelfu ya dola, na bei hiyo imeleta udanganyifu.

Hatua za kukagua ni hizi. Iombe itolewe kwenye fremu. Saini iwe ya penseli, kwenye ukingo mweupe chini ya picha, na penseli ing'ae kidogo ukiigeuza kwenye mwanga. Saini iliyochapwa haing'ai. Tumia lenzi inayokuza mara kumi: chembe za litografia halisi hazina mpangilio, zinafanana na kreyoni juu ya ukuta wenye vinyweleo, lakini nakala ya mashine huonyesha vitone vilivyopangwa safu kwa safu. Angalia ukingo wote wa karatasi. Mwuzaji aliyekata ukingo mara nyingi ameficha mstari wa kahawia ulioachwa na kadibodi yenye asidi, na chapa iliyokatwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani. Geuza nyuma utafute gundi na utepe. Zile nne za rangi, za matunda, mboga na maua, zilipakwa rangi ya maji kwa mkono na Nan na mumewe, hivyo hakuna mbili zinazofanana kabisa, na waridi na njano zake hufifia zikikaa mbele ya dirisha. Linganisha sehemu iliyofunikwa na fremu na sehemu iliyo wazi. Mwuzaji akikataa kuitoa kwenye fremu, mwachie.